Simu ikiibiwa: funga laini kwanza, ramani baadaye

Yangu ilinyofolewa dirishani mwa daladala pale Mbagala Rangi Tatu, Jumamosi jioni, gari likisubiri kujaza. Nilikuwa nasoma meseji. Mkono ukaingia, ukatoka, nikabaki nimeshika hewa. Abiria mwenzangu akaniazima simu yake, nami nikafanya kile afanyacho kila mtu: nikaipigia ile iliyoibiwa. Ikaita. Nikapiga tena, ikaita. Mara ya tatu yule dada wa mtandao akanijulisha kwamba namba ninayopiga haipatikani kwa sasa. Nikachukua bodaboda hadi nyumbani, nikawashe kompyuta nione ramani inasema simu iko wapi.

Muda wote huo laini yangu ilikuwa imeshachomolewa na kutiwa kwenye kitochi, simu ndogo ya vitufe. Huko ndiko zilikokuwa zinaingia meseji za namba za uthibitisho, na WhatsApp yangu ikafunguliwa upya kwenye simu nyingine. Meseji za zamani hazikuwamo, lakini magrupu yote yalijitokeza yenyewe, la ukoo na la harusi, na humo mwizi akapata watu wa kuwatapeli. Kufika saa mbili usiku shemeji yangu alikuwa ameshanitumia elfu themanini ambazo sijawahi kuziona. Simu ilikuwa na alama ya kidole na namba ya siri ya tarakimu sita. Hazikusaidia kitu, maana mwizi hakuwa na haja ya kuifungua.

Kwa hiyo mpangilio nitakaoufuata hapa ni huu: laini, pesa, simu yenyewe, WhatsApp, polisi, kisha kurudisha akaunti moja moja. Ukigeuza mpangilio, kila dakika unayoitumia kwenye ramani unamwachia mtu mwingine ufunguo wa kila kitu chako.

Dakika kumi za kwanza

Azima simu yenye laini ya mtandao uleule wa kwako. Hapa Tanzania tunapiga 100 kupata huduma kwa wateja, lakini 100 hukupeleka kwenye mtandao wa simu uliyoishika. Kama laini yako ni ya Airtel na umeazima simu ya Halotel, watakaopokea ni Halotel, na hawawezi kukufungia. Ndiyo maana mtu mzuri wa kumkimbilia ni wakala wa pesa aliye jirani: ana laini za mitandao karibu yote, ameketi hapo hapo, na jambo hili ameshaliona mara nyingi kuliko wewe.

Ukipata mtu, omba mambo mawili kwa majina yake: laini ifungwe, na akaunti ya pesa ifungwe. Usidhani moja linabeba jingine. Muulize mhudumu athibitishe kwa mdomo kwamba yote mawili yamekamilika. Watakuuliza majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), tarehe ya kuzaliwa, muamala wa mwisho ulioufanya, salio kwa makadirio, na pengine namba unazozipigia mara kwa mara. Hawatakuuliza namba yako ya siri ya pesa, na wewe usiitaje. Andika saa uliyopiga na namba ya taarifa ukipewa. Pesa ikitoka baada ya hapo, hicho ndicho kielelezo chako.

Simu ilikuwa na laini mbili? Funga zote mbili, hata ile ya bando tu. Kisha piga benki. Namba yao imechapwa nyuma ya kadi ya ATM. Waambie wazuie huduma za benki kupitia simu, siyo kadi peke yake.

Kuna wanaosita hapa: nikifunga laini, nitapokeaje meseji za kuthibitisha akaunti zangu? Hutazipokea, kweli. Lakini kwa sasa anayezipokea siye wewe. Afadhali zisimfikie mtu yeyote kwa saa mbili tatu.

Kwa walioko Kenya njia ni ileile: 100 kwa huduma kwa wateja wa Safaricom, na M-Pesa itajwe waziwazi, pamoja na Fuliza na mikopo mingine iliyofungamana na laini. Mtu akiijua namba yako ya siri, hakuibii ulichonacho tu. Anakukopea.

Halafu simu yenyewe

Kwa Android, fungua kivinjari chochote uende android.com/find, uingie kwa akaunti ya Google iliyokuwa kwenye simu. Kwa iPhone ni icloud.com/find. Chagua kuifunga kama simu iliyopotea. Skrini itajifunga, na unaweza kuandika ujumbe utakaoonekana juu yake. Weka namba ya ndugu, basi. Usiandike anwani ya nyumbani wala kiasi cha zawadi.

Ukitumia simu au kompyuta ya mtu, fungua dirisha la faragha la kivinjari, ukatae kuhifadhi nenosiri, na ukimaliza utoke kwenye akaunti. Nimeona watu wakifungua Gmail zao kwenye duka la intaneti kwa sababu ya simu iliyoibiwa, kisha wakaiacha wazi hapo kwa mteja anayefuata.

Kikwazo kikubwa huja hapa. Google inataka kujua kama ni wewe, na inatuma namba kwenye laini uliyoifunga robo saa iliyopita. Usikate tamaa, kuna milango mitatu. Wa kwanza ni kifaa ambacho tayari kimeingia kwenye akaunti yako: kompyuta ya ofisini, au simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka iliyolala kabatini. Iwashe, iunganishe intaneti. Wa pili ni namba za akiba za Google, zile kumi zenye tarakimu nane kila moja, kama ulizichapisha au kuziandika mapema. Kila moja hutumika mara moja tu. Wa tatu ni android.com/lock, ambako simu ya kuanzia Android 10 hufungwa kwa kuandika namba ya simu tu, bila nenosiri, ila ni lazima huduma hiyo iwe iliwashwa kabla simu haijaibiwa. Wenye iPhone wana nafuu: ukurasa wa icloud.com/find hauwadai namba ya uthibitisho, nenosiri pekee linatosha.

Kufunga ni kwanza, kufuta ni baadaye. Simu ya Android ikishafutwa huwezi tena kuiona kwenye ramani. Futa pale unapokubali kwamba hairudi, au mara moja ikiwa haikuwa na namba ya siri kwenye skrini. Kama simu haina intaneti, amri ya kufuta itasubiri hadi iunganishwe. Na hata baada ya kuifuta, usiiondoe kwenye akaunti yako. Simu nyingi za Android, na iPhone zilizowashwa huduma ya kutafuta simu, zikifutwa hudai akaunti ya mwenyewe kabla hazijaanza kutumika upya. Ukiiondoa unamsafishia mwizi bidhaa.

Kuhusu ramani, neno moja tu. Ikikuonyesha simu iko Tandale au Manzese, kile unachokiona ni duara, na ndani ya duara hilo kuna vyumba vingi vya wapangaji wasiohusika. Piga picha ya skrini upeleke polisi. Kwenda mwenyewe usiku kugonga milango ya watu ni kutafuta balaa kubwa kuliko simu.

WhatsApp na watu wako

Wajulishe watu kabla mwizi hajawajulisha. Mpigie mtu mmoja aliye kwenye magrupu yako makubwa, atume ujumbe wa sauti kwamba simu imeibiwa na yeyote atakayeombwa pesa kwa jina lako asitume. Sauti inaaminika kuliko maandishi, hasa siku hizi ambapo "ile hela tuma kwenye namba hii" imekuwa salamu.

Kama hutapata laini mpya siku hiyohiyo, andika barua pepe kwa support@whatsapp.com, uombe akaunti izimwe kwa sababu simu imepotea au imeibiwa. Taja namba yako kwa mtindo wa kimataifa, ikianza na +255 au +254. Akaunti ikizimwa una siku 30 za kuifungua tena, zikipita, inafutwa.

Ukishapata laini, sakinisha WhatsApp kwenye simu nyingine, uandike namba yako, upokee tarakimu sita kwa meseji. Dakika utakayoziingiza, aliyekuwa ameiteka anatupwa nje. Hapo inawezekana ukaulizwa namba nyingine ya siri ambayo hujawahi kuiweka. Maana yake mtekaji aliwasha uthibitishaji wa hatua mbili ili akukwamishe. Usibahatishe. Subiri siku 7, utaruhusiwa kuingia bila namba hiyo. Ndani ya siku hizo utakosa meseji zako, ila naye hazisomi. Ukishaingia, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa na uondoe usivyovitambua.

RB, kisha laini mpya

Nenda kituo cha polisi kilicho karibu na ulipoibiwa, upate RB, yaani namba ya taarifa uliyoiandikisha polisi. Kwa Kenya ni namba ya OB, na baadaye abstract, karatasi ya polisi inayothibitisha taarifa hiyo. Utahitaji aina ya simu, rangi, namba ya laini, na namba ya IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, yenye tarakimu 15. IMEI imebandikwa kwenye boksi la simu, mara nyingi na kwenye risiti. Kwenye simu unayoimiliki hupatikana kwa kupiga *#06#, lakini ushauri huo ni wa jana yake. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, andikisha zote. Karatasi ya polisi pamoja na IMEI ndivyo unavyovipeleka kwa kampuni ya simu ukitaka kifaa chenyewe kifungiwe, siyo laini tu.

Kurudisha laini hapa kwetu ni kwa alama ya kidole na namba ya NIDA, dukani au kwa wakala mwenye mashine. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine hairudi kwa kidole chako. Unamkumbuka yule dada wa kazi wa zamani au kaka wa jirani aliyekusajilia wakati NIDA yako haijatoka? Ndiye mwenye laini. Piga *106# leo, uangalie namba zilizosajiliwa kwa jina lako. Kama laini yako kubwa haimo, hamisha usajili sasa, wakati mnaelewana. Kama kuna namba usiyoijua, iondoe.

Laini mpya ikishashika mtandao, badilisha namba ya siri ya pesa kabla ya kufanya muamala wowote, kisha omba taarifa ya miamala ya saa zile za katikati. Ikiwa pesa ilitumwa kwa namba fulani, ripoti namba hiyo kwa kampuni na polisi siku hiyohiyo, maana ikishatolewa kwa wakala haizuiliki tena. Meseji za kitapeli tunazituma 15040 Tanzania. Wenzetu wa Safaricom hutuma 333.

Akaunti zirudi kwa zamu

Anza na barua pepe. Facebook, Instagram na akaunti nyingine nyingi zikipoteana na wewe, hukutumia kiungo cha kurejea kupitia barua pepe, kwa hiyo kuanza kwingine ni kujaza pipa lililotoboka.

Kama nenosiri la Gmail bado ni lako, libadilishe. Kisha fungua myaccount.google.com, sehemu ya usalama, uangalie mambo manne: vifaa vilivyoingia, utoe usivyovitambua, namba ya simu ya dharura, uhakikishe ni yako, barua pepe ya dharura, hali kadhalika, na ndani ya mipangilio ya Gmail yenyewe, ukitumia kompyuta, sehemu ya kusambaza barua kwenda anwani nyingine. Hiyo ya mwisho watu huisahau. Mtu akiweka anwani yake pale, utabadilisha nenosiri mara kumi naye ataendelea kusoma nakala ya kila barua.

Kama nenosiri limeshabadilishwa, nenda g.co/recover. Fanya hivyo ukiwa mahali unapotumia akaunti hiyo kila siku, kwa kompyuta na intaneti uliyoizoea, kwa sababu Google inapima na hayo pia. Ukiulizwa nenosiri unalolikumbuka, andika la mwisho ulilokuwa nalo, hata kama si la sasa. Na fanya haraka: mtekaji akibadilisha namba ya dharura au barua pepe ya dharura, zile zako za awali bado huweza kukurudisha ndani ya siku 7. Wiki ikipita umebaki na kubahatisha. Ukikataliwa, usirudie mara ishirini kwa saa moja. Pumzika, tafuta kifaa kingine ulichowahi kukitumia, ujaribu tena.

Baada ya hapo ni mwendo tu. Facebook ina facebook.com/hacked, Instagram ina instagram.com/hacked. Manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari cha simu iliyoibiwa yahesabu yote kuwa yameonekana, uanze na yanayogusa pesa.

Siku mbili tatu baadaye utapata meseji nzuri kuliko zote: simu yako imepatikana, bonyeza hapa uone ilipo. Wenye iPhone huzipata zaidi. Ukurasa utafanana kabisa na wa Apple, utakuomba nenosiri, na dakika tano baadaye simu yako itakuwa imeondolewa kwenye akaunti na kuuzika kwa bei kamili. Wengine hupiga simu wakijifanya huduma kwa wateja, wanaomba "ile namba iliyoingia kwenye meseji tukurudishie laini". Hakuna mhudumu anayehitaji namba hiyo. Ukitaka kuangalia simu ilipo, andika anwani mwenyewe.

Nusu saa ya leo, simu ikiwa mkononi

Weka namba ya siri kwenye laini. Siyo ya skrini, ya laini. Kwenye Android nyingi iko chini ya mipangilio ya usalama. Kwenye iPhone iko ndani ya mipangilio ya mtandao wa simu. Mwizi akiichomoa na kuitia kwenye kitochi, itamdai tarakimu nne kabla haijashika mtandao. Ningekuwa nimefanya hili tu, shemeji angebaki na elfu themanini zake. Namba ya kuanzia, pamoja na PUK (namba ya kufungulia laini iliyojifunga), imechapwa kwenye ile kadi kubwa uliyobandulia laini. Usiibahatishe, kwani ukikosea mara 3 laini inadai PUK ya tarakimu nane, na ukikosea PUK mara 10 laini imekufa. Ukishaingia, badilisha iwe yako. Laini ya eSIM, iliyojengwa ndani ya simu, haichomoki, lakini simu nyingi zitakuruhusu kuiwekea namba hiyo pia.

Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp na uweke barua pepe. Ficha maandishi ya meseji yasionekane skrini ikiwa imefungwa, maana namba za uthibitisho husomeka hapo juu bila mtu kugusa chochote. Futa picha ya kitambulisho chako uliyompigia mtu wa hoteli mwaka juzi. Na kama namba yako ya siri ya pesa ni mwaka wako wa kuzaliwa, basi picha hiyo ya kitambulisho ilikuwa ndiyo jibu lake.

Mwisho, karatasi. Nilipoibiwa niligundua namba pekee niliyoijua kichwani ni ya mama, na mama alikuwa kanisani, simu kaizima. Sasa nimejifunza mbili kwa moyo, ya mke wangu na ya jirani mwenye duka. Mengine yako ndani ya bahasha moja na cheti changu cha kuzaliwa: IMEI zote mbili, PUK za laini, namba ya NIDA, namba za akiba za Google (tatu nimeshazikata kwa kalamu), namba ya benki, na ile anwani ya kufungia simu, imeandikwa kwa herufi kubwa kwa sababu siku hiyo mkono hutetemeka.